Nani Ataniamsha Maji Yakija

Nilitoka Vanga kwenda Mombasa kwa sababu moja tu: sitaki kuhama nyumba yangu. Najua yaliyosemwa nyuma yangu, kwamba nimeitwa na wakubwa, kwamba nimekwenda kutibiwa, na wengine kwamba nimekwenda kuoa. Hakuna hata moja lililo kweli. Nayaandika haya ili watu wa kwetu wasome waache kukisia.

Mimi sisikii. Sikio la kulia limekufa kabisa. La kushoto linashika maneno mtu akiniinamia na kusema taratibu. Kinu ndicho kilichonila masikio. Nilianza kwa kubebea watu magunia, nikaishia na kinu changu mwenyewe cha kusaga mahindi, na miaka yote hiyo injini ikinivumia ubavuni. Sijuti. Shule niliiacha darasa la pili, na sijawahi kugonga mlango wa mtu kuomba sahani ya wali.

Masika yaliyopita mto Umba ulifurika. Mnakumbuka nyote. Vanga jua lilikuwa linawaka, mvua ikinyesha huko juu milimani, maji yakatujia bila wingu. Baada ya adhuhuri watu walitangaziwa kwa kipaza sauti, wakahama wote kwenda kwenye mwinuko wa shule. Mimi nilikuwa nimelala usingizi wa mchana. Nilizinduka godoro limelowa. Nikatoka nje, maji ya magoti, na mtaa mzima hauna mtu. Hata kuku hayuko. Nikapanda juu ya jukwaa la kinu nikakaa pale mpaka jua kuchwa, nikiamini kwamba Vanga nzima imekufa nimebaki mimi. Mtumbwi ulipokuja na watu ndani yake ndipo nilipojua kwamba hawakufa. Waliniacha.

Bakari, jirani yangu ambaye ua wake na wangu umepakana, aliapa kwamba alipita kwangu.

"Nilipiga hodi tatu, Mzee Chande. Hukuitikia."

Nikamwambia kiziwi haitikii, mpumbavu wewe. Tangu siku ile sikusema naye, wala yeye hakusema nami. Nikaweka mlango wa chuma na komeo nene, kama mtu aliyesema basi, nisipohitajiwa nami sihitaji mtu.

Mwanangu Mwanasiti anakaa Ganjoni. Alikuja mwenyewe, maana simu kwangu ni pambo. Akaniinamia sikio la kushoto akasema, "Baba, masika mengine hayatakukuta huku. Kinu tutauza, nyumba tutafunga, utakaa kwangu." Nikakataa. Akanena tena. Mwisho akaniambia kuna kikundi cha kujitolea Mji wa Kale kinachofundisha watu kujikinga na maafa, na safari hii kinawataka hasa viziwi, vipofu, wasiotembea na wazee, kwa sababu mafunzo ya zamani yaliwasahau. Nikafanya naye ahadi. Nitakwenda. Nikirudi na njia ya kuamshwa maji yakija, nabaki kwangu. Nikikosa, nafunga kinu kwa mkono wangu na kuhamia ghorofani kwake. Ahadi yangu ni ahadi, hilo mnalijua.

Asubuhi ya kuondoka nilifunga komeo, nikafunga na kufuli. Bakari alikuwa kwenye baraza yake anakunywa kahawa. Aliniona na mkoba. Mdomo wake ulifunguka kidogo, kisha ukafungwa. Sijui kama alisema kitu au alipiga mwayo. Mtu asiyesikia hukosa hata kujua ametukanwa au ameombewa dua. Nikapita.

Lunga Lunga nilibadilisha gari. Nilikaa mbele karibu na dereva, kijana mmoja mwenye ndevu nyekundu za hina, akazungumza nami njia nzima. Nilimwona midomo inakwenda, mkono unaonyesha minazi na mashamba, na mimi nikitikisa kichwa kwa kila jambo. Tulipofika Ukunda alinitazama kwa mshangao, akacheka, akaninyamazia. Hadi leo sijui nilikubali nini. Labda nimemwahidi kumwoza binti yangu.

Feri niliteremka watu wakiwa wengi, wenye mikokoteni, wenye ndizi, wenye kuuza njugu wamefungua vinywa wote kwa pamoja. Mimi mahali kama pale huongozwa na visigino vya watu. Visigino vikienda, naenda. Vikisimama, nasimama. Lakini siku ile nilikuwa natazama maji, nikifikiri namna yalivyo mengi na yalivyotulia mahali pake, tofauti na yetu. Kumbe kipaza sauti kimesema watu wasubiri. Nikaendelea kwenda peke yangu mbele ya umati mzima, mpaka mama mmoja mwenye kapu la muhogo akanivuta kanzu kwa nyuma.

"Babu! Wataka kwenda na maji?" Hilo nililisikia, maana alilipiga ndani ya sikio.

"Sikusikia."

"Hukusikia! Watu wote hawa wamesikia!"

Ndiyo, mama. Watu wote wamesikia. Hiyo ndiyo shida yenyewe. Tulivuka amenishika kanzu kama mbuzi wa sadaka, na upande wa pili akaniachia, akapotea na kapu lake. Hakuniuliza jina.

Ganjoni Mwanasiti anakaa ghorofa ya juu kabisa. Nyumba nzuri, sakafu inang'aa, choo ndani. Jioni walikuja wakwe zake, tukala biriani, na mazungumzo yakawa yanazunguka meza kama sahani ambayo hainifikii. Wakacheka. Kicheko ni kitu cha kusikiwa. Ukikiona tu kwa macho, unadhani anayechekwa ni wewe. Nikamwuliza Mwanasiti, "Wamesema nini?" Akaniinamia: "Si kitu, baba, habari ndefu." Si mtoto mbaya. Lakini nilitazama dirishani nikaona nyumba za watu zimepangwa juu na chini kama makopo dukani, nikajiona mimi ni kopo mojawapo, nimewekwa juu nisivunjike.

Siku ya mafunzo tuktuk ilinipeleka mpaka pale inapofika, kwani vichochoro vya Mji wa Kale vingine havipitishi ila mtu na paka. Ukuta wa mawe huku, ukuta wa mawe huku, na waya za umeme zimeshikana juu kama nywele za mwenda wazimu. Nikafikiri: moto ukiwaka humu, gari la maji litaingilia wapi? Nikafika na hilo swali kichwani.

Ukumbi ulikuwa juu. Ndiyo, juu, kwenye nyumba ya zamani yenye ngazi nyembamba iliyosimama wima kama ukuta. Mafunzo ya watu wasioweza kupanda, mkayaweka juu ya ngazi. Chini ya ngazi nilimkuta mtu kwenye kiti cha magurudumu, fundi wa kanzu kutoka Kibokoni, jina lake Fahmi. Sauti yake nzito, na alipoona nimeweka mkono sikioni alisogeza kiti mpaka ubavuni kwangu bila kuambiwa.

"Panda, ami. Mimi n'tasoma kwa harufu. Wakipika chai n'tajua wamefika mapumziko."

"Mimi nikipanda sitasikia kitu," nikamwambia. "Bora nikae hapa na mtu."

Mwalimu wa mafunzo, Mwalimu Saumu, alishuka kututafuta. Mwanamke wa makamo, mchangamfu. Alipotuona chini uso ulimbadilika. Hakujitetea. Alipanda, na mara wakaanza kushuka wote na viti vyao na ubao wao, mmoja mmoja, mpaka kichochoro kikajaa. Tukakaa kwenye baraza za watu, Fahmi ubavuni kwangu akinirudia maneno sikioni. Mwenye duka la viungo jirani, Mhindi mmoja mzee, alitoa mikeka na kusogeza magunia yake ya pilipili. Siku ile nzima tulisoma huku tunapiga chafya.

Nisiwachoshe na yote. Tulifundishwa namna ya kumwinua mtu kwenye kiti bila kumwumiza. Kipofu hashikwi mkono na kuburutwa, yeye ndiye anayekushika wewe kiwiko. Kuhusu sisi viziwi, waliamua kwenye pembe za vichochoro kipeperushwe kitambaa chekundu pamoja na kupigwa filimbi. Nikasema wazi mbele ya wote: "Kitambaa atakiona aliye nje. Mimi nilikuwa ndani nimelala." Mkalimani wa lugha ya ishara alikuwa anatafsiri kila neno kwa vidole, ingawa mimi ishara sizijui. Niliwatazama viziwi wenzangu wakimtazama yeye na kutikisa vichwa, nikawaonea wivu. Hata kwa viziwi nilikuwa mgeni. Mwalimu Saumu akasema ndiyo maana watu watapita mlango kwa mlango. Nikaona jawabu limekaa vizuri. Mlango kwa mlango. Nikapumua.

Siku ya pili lilikuwa zoezi. Tulijifanya kuna moto. Mwalimu alitugawa wawili wawili na kila wawili wakapewa milango yao, wawatoe watu waliomo na kuwapeleka kwenye uwanja mdogo karibu na msikiti. Mimi nikapewa Fahmi.

"Ami, wewe una miguu, mimi nina masikio," akasema. "Tukiunganishwa atapatikana mtu mmoja mzima, tena mzuri kidogo."

Kazi yetu ilikwenda hivi: mimi napanda vidato, nagonga na kupiga hodi, yeye yuko chini anasikiliza kama yuko anayeitikia, akimsikia ananipungia. Mlango wa kwanza ulitoka mzee na mkongojo. Wa pili, mama na watoto wanaocheka. Tulifurahi sana, na Fahmi alianza kujiita mkuu wa zimamoto.

Mlango wa mwisho ulikuwa wa mbao nzito ya zamani, umepanda vidato vitatu au vinne, na chini yake pana uwazi wa vidole viwili. Nikagonga. "Hodi!" Nikamtazama Fahmi. Akatikisa kichwa. "Hodi!" Akatikisa tena. Nikangoja kidogo kama inavyotakiwa, nikapiga ya tatu. Fahmi akainua mikono.

Akaniashiria nishuke: hakuna mtu, twende zetu.

Nilishika mlango, nikauona hauna kufuli. Mkono ulikuwa juu ya mbao. Lakini mimi si mtu wa kuingia nyumba ya watu. Nimelelewa. Hodi tatu, usipoitikiwa geuka urudi, ndivyo tulivyofundishwa na wazee na kwenye chuo cha Kurani. Nyumba ni sitara, huwezi kujua kuna mwanamke kichwa wazi. Nikashuka.

Uwanjani Mwalimu Saumu alihesabu watu, mkalimani akamshika bega, wakaangaliana.

"Bi Zuhura yuko wapi?"

Hatukumjua Bi Zuhura. Mwalimu akaeleza, Fahmi akinirudia sikioni: bibi mmoja kiziwi tangu kuzaliwa, anakaa peke yake. Mkalimani alimwambia jana akae ndani, atakuja mtu kumtoa. Sisi hakuna aliyetuambia. "Mlango wa vidato, wa mbao ya zamani. Nani alipewa?"

Fahmi alinitazama. Mimi nilimtazama Fahmi.

Tulirudi mbio, yaani mimi mbio na Fahmi akisukumwa, na mkalimani, na jirani yake Bi Zuhura aitwaye Mama Swafiya. Mama Swafiya aliusukuma mlango tu, ukafunguka. Ulikuwa umerudishwa, haukufungwa. Mle ndani bibi mdogo wa mwili alikuwa amekaa kwenye kiti akiutazama mlango, amevaa buibui lake, viatu miguuni, mkoba magotini. Tayari. Ametayarishwa na nani? Na nafsi yake. Alikuwa anangoja.

Akaanza kusema kwa mikono, na mkalimani akaniinamia akinitafsiria. "Anasema ametazama chini ya mlango. Ameona kivuli, ameona miguu. Amefurahi, amesimama. Ni miguu ya mwanamume asiyemjua, hakuweza kufungua, akasema nafsini watafungua wenyewe. Kisha miguu ikaondoka."

Bi Zuhura akaangalia chini, kwenye makubazi yangu ya ngozi niliyoyashona Vanga. Akayaonyesha kwa kidole. Halafu akaniangalia usoni, hakukasirika. Ningependa angekasirika.

Nimebeba magunia, nimezika mke, nimekaa juu ya kinu maji yakipita chini. Sijapata kuona aibu kama ile. Nilisimama mle ndani nikamwona Bakari. Nilimwona mlangoni kwangu, siku ile ya maji, amekunja kikoi, mkono juu ya mbao, anatazama huku na huku. Hodi. Hodi. Hodi. Mtu wa adabu zake. Kisha anageuka anaondoka, kwa sababu kama angeingia bila kuitikiwa, mimi Chande ningekuwa wa kwanza kumtukana. Na ningemtukana kweli.

Uwanjani watu walibishana. Kijana mmoja akasema siku ya maafa mlango uvunjwe, adabu zitarudi baadaye. Kina mama wakamkemea, kila mmoja kwa kidole chake. "Uvunje? Unikute nimetoka kuoga?" Mwalimu Saumu akakiri kwamba hilo mafunzo hayakulifikiria. Ndipo Bi Zuhura alipovuta mkono wa mkalimani.

Mkalimani alisema kwa sauti, na Fahmi akanirudia neno kwa neno sikioni:

"Anasema, hodi ni ya mgeni. Mimi sitaki kuokolewa na mgeni. Mama Swafiya na mumewe nimewapa karibu yangu leo, mbele yenu nyote. Naitanguliza. Siku ya hatari wasipige hodi, waingie, hata kama niko kichwa wazi, kosa si lao. Wengine wote bakini nje."

Mama Swafiya akalia. Akamshika mikono, na Bi Zuhura akawa hawezi kusema tena, maana mikono ndiyo mdomo wake.

Mwalimu Saumu akasema hilo litaingia kwenye mafunzo: kila asiyesikia na asiyeweza kuamka aseme mapema, mbele ya mashahidi, nani ana karibu yake. Watu wakaanza kutajana hapo hapo, huyu na jirani yake, yule na shemeji yake. Fahmi akaniuliza, "Wewe ami, kwenu utamtaja nani?"

Sikumjibu. Alidhani sikusikia.

Ganjoni nililala usiku mmoja zaidi. Asubuhi Mwanasiti aliniuliza kwa macho kabla ya mdomo. "Umeipata njia, baba?"

"Nimeipata. Sijui kama bado iko wazi."

"Wasemaje?"

"Kuna mtu wa kumwomba. Akikataa, nitakuja na magodoro yangu."

Akanishika mkono muda mrefu. Nadhani alikuwa anaomba akatae. Simlaumu.

Safari ya kurudi sikuiona. Feri nilitazama visigino tu. Lunga Lunga nilikunywa chai, mwenye hoteli akaniuliza jambo mara mbili, na kwa mara ya kwanza maishani nikamwambia mtu nisiyemjua: "Sisikii, bwana. Njoo huku." Akazunguka meza akaja. Alikuwa anauliza kama nataka sukari.

Vanga nilifika alasiri. Bakari alikuwa barazani pale pale, kana kwamba kahawa ile haijamalizika. Nilivuka hadi kwake. Nilisimama mbele yake na mkoba mkononi, na maneno niliyoyapanga njia nzima yote yakakimbia. Nikasema moja tu.

"Karibu."

Akanyanyuka, akanijia sikio la kushoto. Hakuwa amelisahau. "Karibu wapi? Uko kwangu."

"Kwangu. Ukiniona sijatoka, maji yasije au yaje, usinipigie hodi. Ingia. Naisema leo nikiwa na akili zangu, na mkeo yuko dirishani anasikia."

Nikaona taya lake linakwenda kama mtu anayetafuna kitu kigumu.

"Ule mlango wako wa chuma una komeo," akasema. "N'taingia vipi, nipite chini kama panya?"

"Komeo nalitoa."

"Uliniita mpumbavu."

"Nilikuita."

"Mbele ya watu."

"Kiziwi hajui kunong'ona, bwana."

Bakari alicheka, na safari hii nilijua kinachochekwa. Lakini hakusema ndiyo. Aliketi akanimiminia kahawa, tukainywa, nikaenda kwangu nisijue nimekubaliwa au nimekaribishwa kahawa tu.

Nililing'oa komeo kwa mtaimbo jioni ile ile. Siku zilizofuata sikumwona. Nilikula peke yangu, nikasaga mahindi ya watu, nikalala mchana mlango umerudishwa tu, na nyumba iliyo wazi ina upweke mkubwa kuliko iliyofungwa, kwa sababu iliyofungwa ina sababu ya kutokuingiwa na mtu.

Kisha siku moja, baada ya adhuhuri, jua kali, nilihisi kidole gumba cha mguu kimeshikwa. Nilifungua macho nikapeleka mkono kwenye godoro. Kavu. Bakari alikuwa amesimama miguuni pangu na kikoi chake, jasho linamtoka, anatazama ukutani kwa haya kama mtu aliyeingia chumba cha bibi harusi.

"Maji?" nikauliza.

Akatikisa kichwa. Akaniinamia.

"Hapana. Nilikuwa najaribu kama naweza."

Basi hilo ndilo nililojifunza Mombasa, na wenye masikio na wasio nayo wachukue: filimbi ni za watu wote, lakini kuamshwa ni kwa mtu aliyepewa ruhusa, na ruhusa ile uitoe ukiwa mkavu. Mwanasiti nimemtumia habari kwamba kinu hakiuzwi. Na ukipita kwangu ukakuta mlango umerudishwa, wewe piga hodi zako tatu uende zako. Ile karibu ina mwenyewe.